Wavu wa Kinkondja

Kwenye kilio cha Ngoy, hapa Kamina, mwaka jana, walinipa kiti cha plastiki na sahani ya bukari, ule ugali wetu, wakanikalisha mkabala na mzee mwenye miwani minene aliyekuwa akichambua miiba ya samaki kwa subira kama mtu anayetafuta sindano iliyopotea. Uso wake sikuutambua. Nilitambua mkono: kidole cha kati cha kulia kimepinda nje, maana kilivunjwa na raketi zamani. Mwalimu Banza! Wallahi, hapo hapo nilisahau kwamba nimekuja kumlilia marehemu. Kuna watu wanaugua presha, wengine sukari. Mimi tangu utoto naugua kuuliza, na kwa mzee huyu nilikuwa na swali moja ambalo nimelibeba miaka thelathini. Nimehamia nalo Lubumbashi na kurudi nalo, nimezaa nalo watoto sita, nimezeeka nalo. Hata salamu sikumaliza. “Mwalimu,” nikamwambia, “siku ile ya finali, zile sevisi nne. Ulizikosa makusudi?” Akaniangalia juu ya miwani. “Mamuzele Zaina,” akasema, kwa jina la Kifaransa la msichana walilokuwa wakiniita uwanjani, “weye haubadilike. Kula kwanza. Muntu hajibu maswali na samaki mu kinywa.” Basi nikala, na huku nakula mwaka wote ule ukanirudia, pamoja na harufu zake.

Ulikuwa mwaka wa tisini na mbili ukielekea tisini na tatu, nami nilikuwa na miaka ishirini. Kilabu cha wafanyakazi wa reli kilikuwa na baa, ukumbi wenye meza ya biliadi isiyo na mipira, na nyuma yake uwanja mmoja wa tenisi ambao Wazungu waliuacha na watu wetu wakakataa ufe. Udongo wake ulikuwa wa kichuguu, umepondwa na kumwagiwa maji mpaka ukakaza kama sakafu ya nyumba. Mimi niliingia pale kwa sindano, si kwa raketi. Nilikuwa mshonaji, na kilabu kilikuwa na mipira sita tu, imepigwa mpaka manyoya yakaisha. Kazi yangu ilikuwa kuirudishia uhai. Niliiweka kwenye kichujio juu ya sufuria ya maji yanayochemka, mvuke ukaipanda, kisha nikaisugua kwa brashi ya nguo mpaka manyoya yasimame. Palipofumuka nilishona kwa uzi wa viatu. Lakini kila nilipoushika mmoja nilijiuliza: ndani yake kuna nini? Maji? Upepo tu? Na kama ni upepo, nani aliupuliza, na tundu liko wapi? Siku moja nikachukua kisu cha jikoni nikaupasua. Aka! Hakukuwa na kitu. Kuta mbili za mpira, giza kidogo, na pumzi iliyonitoka fyuu usoni. Nikawa na jibu langu, na kilabu kikawa na mipira mitano.

Katibu wa kilabu alikuwa Kazadi, karani wa stesheni, mtu wa Kasai, jimbo jirani, mwembamba, shati limepigwa pasi hata Jumapili. Nilijua atanifukuza. Akazishika zile nusu mbili, akazichungulia ndani, na nikaona kwamba yeye naye hakuwahi kuona. “Bon,” akasema. “Sasa unajua ndani yake. Azabu yako, utajua na inje yake.” Akanipa kijitabu cha sheria za tenisi, cha Kifaransa, kimeliwa na mchwa pembeni, na tangu hapo kila Jumamosi alinikalisha kwenye kiti cha mwamuzi, yaani ngazi ya mbao iliyokuwa zamani ya watu wa taa za reli. Wanaume wanacheza, msichana yuko juu yao anasema nani amepata na nani amekosa: mwanzoni walicheka, halafu wakazoea. Sisi tunaoitwa Bangwana, Waislamu ambao mababu walikuja kutoka Maniema na biashara, hatukuwa Waluba wa Katanga, wenyeji wa hapa, wala Waluba wa Kasai, na mwaka ule mtu asiye na upande alikuwa adimu kuliko chumvi. Kazadi alinifundisha maneno matatu. Nzuri. Mbaya. Na la tatu, “sikuone”: mwamuzi hakuona, pointi irudiwe. Juu ya mlango wa kilabu yeye mwenyewe alikuwa ameandika kwa rangi nyeupe kwamba neno la mwamuzi halirudi. Mchezaji akibisha, ameshindwa. “Na sababu neno yako hairudi, Zaina,” aliniambia, “njo maana nimekupa na ile ya tatu.” Mimi lile la tatu sikulipenda. Nilikuwa natunga uzi kwenye sindano bila taa. Mwenye macho haambiwi tazama! Mwaka mzima sikulitumia hata mara moja, na nilijivunia.

Lazima nieleze na wavu, maana bila wavu hakuna hadithi. Wa zamani ulikuwa umeoza. Mwenzake Kazadi katika dabo, yaani mchezo wa wawili kwa wawili, alikuwa huyu Ngoy tuliyemzika, fundi wa injini, Mluba wa hapa hapa, mwenye kicheko cha kusikika mpaka stesheni. Ngoy alikuwa na wakwe Kinkondja, kwenye ziwa Kisale, ambako kila mtu ni mvuvi. Akapeleka mpira mmoja kwa mzee mmoja fundi wa nyavu, ambaye tenisi hajaiona hata kwenye picha, akamwambia: nataka wavu wa kitu hiki. Mzee akaupima mpira kwa vidole, akauliza kinakwenda mbio namna gani, kinapita juu au chini. Ngoy akacheka, akajibu: juu. Baada ya mwezi wavu ukafika, kwanza kwa baiskeli, halafu kwa treni, umefumwa mzuri mpaka ungeweza kuuvaa harusini, na unanuka bitoyo, samaki wa chumvi wa kule. Tukaufunga. Mpira wa kwanza ukaingia kwenye tundu ukakwama, nusu huku, nusu kule. Kumbe mzee alifanya kazi yake kwa haki yote! Wavu wa samaki hauzuii, unakamata: kichwa kinaingia, mashavu yanakwama. Alipima matundu yake ili kitu kile kinaswe. Tulicheka mpaka tukakaa chini. Lakini wavu mwingine hatukuwa nao, basi ikawa desturi ya Kamina: mpira ukinasa, watazamaji wote wanapaza sauti, “Samaki!”, na mchezaji anakwenda kuuchomoa. Shida ilikuwa mpira wa nguvu. Huo haukunasa; ulipenya ukatokea upande wa pili kama uliopita juu, na aliyekuwa na ruhusa ya kusema umepita wapi ni mmoja tu, yule wa kwenye ngazi.

Wakati huo huo, nje ya ukuta wa kilabu, mji ulikuwa unafumuka. Vita ile haikuanza na bunduki, ilianza na maneno: watu wa Kasai warudi kwao. Kwao wapi, niliuliza nyumbani, Kazadi si amezaliwa hapa, hospitali ileile niliyozaliwa mimi? Mama alinifunga mdomo kwa kiganja chake. Vijana walipita mitaani na fimbo, milango ikachorwa alama za mkaa, makarani wakaambiwa wasirudi kazini. Na kwa kuwa reli ya kwenda Kasai inaachana na nyingine hapa Kamina, watu waliofukuzwa miji ya kusini walimiminika stesheni kwetu, wakakaa wiki tatu, wiki tano, wakingoja treni. Nasema kweli, mara ya kwanza nilikwenda kuwaangalia kwa udadisi tu. Niliona cherehani imefungwa blanketi na kubebwa mgongoni. Niliona milango ya nyumba, watu wameing'oa wakaja nayo. Niliona mwanamke anamwosha mtoto aliyezaliwa jana, katikati ya watu, mvua inamnyeshea yeye na mtoto. Nikamwuliza, “Mama, munatoka wapi?” Akanijibu, “Tunatoka kwetu.” Nilirudi nyumbani, na siku mbili sikumwuliza mtu kitu, mpaka wakadhani nina malaria.

Kila mwaka kilabu kilifanya mashindano ya dabo ya wanaume, na tangu zamani wawili walioshinda walikwenda kucheza na washindi wa stesheni nyingine. Reli iliwafungia nyuma ya treni behewa la michezo, lenye paa, vitanda na choo, wasafiri wao na wake zao na watoto wao. Mwaka ule zamu ya kupokea wageni ilikuwa ya mji ulio mbele kwenye laini, ndani ya Kasai. Na wakubwa wa reli, sijui kwa ukaidi au kwa usahaulifu, nimejiuliza sana, walisaini karatasi ya behewa kama kila mwaka. Sasa ona: Kazadi alikuwa ameondolewa ofisini na ameambiwa atoke kwenye nyumba ya reli. Mkewe, Ntumba, alikuwa na mimba ya miezi minane. Kazadi akishinda, Ntumba anasafiri amelala kitandani, mlango umefungwa kwa ufunguo. Akishindwa, ni stesheni kwenye mvua, halafu behewa wazi la makaa, siku isiyojulikana. Wako waliotaka jina lake lifutwe. Rais wa kilabu akasema aliyeandikwa ameandikwa. Wakamwendea Ngoy, wakamwambia atafute mwenzake mwingine, wa damu yake. Ngoy aliwajibu mbele ya baa nzima: “Bibi nilioa mara moja, na dabo vilevile.” Watu walicheka, lakini tangu siku ile nyumba yake ilipigwa mawe mara mbili.

Jumapili kabla ya finali Ntumba aliniita nile kwao. Chumba cha kulia hakikuwa na meza tena. Tulikaa juu ya makasha yaliyofungwa kwa kamba, na ukutani palibaki miraba myeupe pale picha zilipokuwa. Tulikula bukari ya mahindi iliyochanganywa na muhogo, jinsi wanavyoipenda Kasai, na majani ya muhogo ambayo mimi naita sombe na Ntumba anaita matamba, na tulibishana jina la mboga hiyo mpaka ikaisha kwenye sahani. Nilikuwa naliangalia tumbo lake. Lilikuwa limeshuka. Na mimi ningeachaje kuuliza? “Ntumba, uko na woga?” Akasema, “Ya kuzaa, hapana. Ya kuzaa bantu banaangalia, ndiyo.” Baadaye nikiosha vyombo uani nilimsikia yeye na Kazadi kupitia dirishani. “Na mukishindwa?” “Tutaenda ku gare kungoja treni, sawa bengine.” “Zaina njo atakaa mu kiti?” “Njo yeye.” Kisha Ntumba: “Basi atatusaidia.” Na Kazadi, kwa sauti yake ya ofisini: “Usimuombe hata siku moja. Arbitri haiko na rafiki.” Nilisimama na sahani mkononi, maji yananitiririka mpaka viwikoni, na nikajisikia mtu mkubwa. Niliapa kwamba sitamwaibisha mwalimu wangu, kwamba hata kama ni yeye, nitakuwa mkali kwake kuliko kwa mwingine yeyote.

Upande wa pili wa finali walikuwa Banza, mwalimu wa hesabu, na mdogo wake Kasongo, Waluba wa Katanga wote wawili. Banza wa wakati ule alikuwa mtu wa miaka thelathini na kitu, mkavu, haagi wala hasalimu kwa maneno mengi. Siku mbili kabla ya mchezo nilikuwa jikoni mwa kilabu nachemsha mipira, na mlango wa baa uko wazi, nikasikia mtu anamwambia, “Mwalimu, muachilie tu yule wa Kasai, apate vagon yake, aende.” Banza akajibu, “Minyi simupe muntu kitu ya bure. Kama Kazadi anataka vagon, ashinde.” Nikamchukia papo hapo. Niliusugua mpira niliokuwa nao mpaka manyoya yakatoka tena.

Siku ya finali watu walijaa tangu saa mbili asubuhi. Juu ya ukuta wa upande wa reli walikaa wale vijana, miguu inaning'inia, fimbo kati ya magoti. Mmoja aliniita, “Mamuzele, angalia muzuri, eh! Siye pia tuko naangalia.” Nilimwambia anyamaze, na sauti ilitoka imara, ila niliishika ngazi kwa mikono miwili. Ntumba alikaa benchi la mbele, leso mkononi. Seti ya kwanza walichukua Kazadi na Ngoy, ya pili wakachukua ndugu wawili. Ilikuwa tenisi nzuri, nakuambia! Kazadi alicheza kama alivyoandika barua, bila kufuta. Ngoy alikimbia na kiatu kimoja kimefungwa kwa waya. Kila mpira uliponasa watu walipaza sauti, “Samaki!”, hata vijana wa ukutani, na kwa muda huo mfupi tulikuwa mji mmoja tena. Seti ya tatu ikafika tano kwa nne, Kazadi na Ngoy wako mbele, Banza anapiga sevisi, yaani mpira wa kuanzisha, thelathini kwa arobaini. Pointi moja tu, na Ntumba analala kitandani.

Banza akaweka sevisi yake. Nasema aliiweka, kwa sababu hakuwa mtu wa kuipiga. Ya pili yake hasa, ile ya kurudia ya kwanza ikikosa, aliiweka kama unavyoweka yai kwenye kikapu, na kwa mwaka mzima sijamwona akiikosa. Kazadi akaurudisha. Banza akakimbilia wavuni, akaugonga miguuni pa Ngoy, Ngoy akauinua, Kasongo akaushusha, na Kazadi, sijui alitokea wapi, akaupiga kwa nguvu zake zote, chini chini, kati ya wale ndugu. Nyuzi zililia. Wavu wote ukatikisika. Mpira ukaanguka upande wa Banza, ukadunda mara mbili, ukabingirika mpaka chini ya miguu ya wale vijana. Uwanja mzima ukageuka ukanitazama mimi. Nikasema, “Mbaya. Imetoboa.”

Kazadi alibaki pale pale alipopigia. Akainua macho akanitazama, raketi inaning'inia, akanitazama muda mrefu kuliko inavyotakiwa. Ngoy akafungua mdomo, Kazadi akamgusa bega, Ngoy akaufunga. Angesemaje? Maandishi yalikuwa juu ya mlango, na mwandiko ni wake. Ukutani vijana walipiga makofi, Ntumba akainamisha kichwa akawa anaikunja leso na kuikunjua. Mimi nililifasiri lile tazamo: ni fahari, nikajiambia, mwalimu ameona kwamba mwanafunzi wake hakumpendelea. Nikatangaza arobaini kwa arobaini, na kifua kilikuwa kimenijaa.

Banza akarudi nyuma, akachukua mipira miwili, maana sevisi zote mbili zikikosa, pointi ni ya wapinzani. Ya kwanza ikaenda ndefu. Ya pili, ile ya yai, ikaingia wavuni, na watu wakasema “Samaki!” kwa mazoea, bila furaha. Kasongo akaichomoa wala hakumtazama kaka yake. Faida kwa Kazadi na Ngoy: imebaki pointi moja. Banza akafuta jasho, akalitazama jua kama mtu anayelilaumu. Ya tatu, ndefu tena. Ya nne iliruka ukuta, ikapita juu ya vichwa vya wale vijana, ikaangukia upande wa reli, na haikuonekana mpaka leo. Mchezo ukaisha hivyo. Hata mimi nilichelewa kuutangaza, kwa kushangaa. Hakuna aliyeruka, hakuna aliyeshangilia. Kazadi na Ngoy walikwenda wavuni wakapeana mikono na wale ndugu, na Banza akamwambia Kazadi neno moja ambalo sikulisikia. “Jua limemupiga Mwalimu,” watu walisemezana wakitoka, na vijana walishuka ukutani bila kujua wamkasirikie nani.

Behewa lilifungwa nyuma ya treni wiki iliyofuata. Nilikwenda kuwaaga. Ntumba alikuwa amekwisha kulala, niliona nyayo zake tu kitandani, na makasha yote matano yamepangwa vizuri. Kazadi alisimama kwenye ngazi ya behewa, shati limepigwa pasi, nyuma yangu umati wa watu wamekaa kwenye mvua wanalitazama lile paa. Nilidhani atanishukuru, au atanisifu. Akasema, “Zaina, siku ingine kama haukuone, sema sikuone. Haiko haya.” Nikaitikia, ndiyo, ndiyo, alikuwa mtu wa kufundisha, angekufundisha hata akiwa anazama. Ngoy alikwenda naye, akacheza naye, akarudi peke yake. Barua ya Kazadi ilifika baadaye: Ntumba amejifungua msichana siku ya nne baada ya kufika, ndani ya nyumba, mlango umefungwa. Hatukuonana tena. Nilisikia kifo chake kwa simu, miaka mingi baadaye, na nikalia sana.

Na hadithi hii nimeisimulia! Nimewasimulia watoto, nimewasimulia wakwe, nimeisimulia kwenye harusi. Mama yenu, niliwaambia, alikuwa msichana wa miaka ishirini, vijana wenye fimbo upande huu, mwalimu aliyempenda upande ule, na akasema kweli, ijapokuwa kweli hiyo ingemtupa rafiki yake kwenye mvua. Mwanangu wa kwanza akidanganya nilimwekea ile finali kama dawa. Swali lililobaki lilikuwa la Banza tu: jua? Huruma? Au alijiogopa mwenyewe? Mume wangu alikuwa ananiambia, acha, mwanamke, yule alikosa tu. Lakini mtu hakosi yai mara mbili.

Banza akamaliza samaki wake. Wakamletea beseni, akanawa, akajifuta kidole kimoja kimoja, mpaka kile kilichopinda. “Nilikosa makusudi,” akasema. “Zote ine.” Nikapiga goti langu kofi. “Nilijua! Ulimwonea huruma!” Akatikisa kichwa. “Lakini Mwalimu, nilikusikia kwenye baa, ulisema humpi mtu kitu cha bure.” Akacheka kidogo, kicheko cha kilio, cha kufunika kwa mkono. “Na sikumupa bure. Nilimurudishia yake.” Sikuelewa. Akasogeza kiti, akainua viganja vyake viwili mbele ya uso wangu, upana wa mkate. “Minyi nilikuwa karibu na wavu hivi. Mpira ilipita juu, Mamuzele. Iligonga kamba ya juu, njo wavu ikatikisika. Haikutoboa kitu.”

Nilimwambia haiwezekani. Nilimwambia macho yangu wakati ule yalitunga uzi gizani. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu. “Mbona hukusema?” nikamuuliza, na sauti yangu ilikuwa imepanda, watu wa kilio wakageuka. Akasema polepole, “Neno ya arbitri hairudi. Na ule ukuta ulikuwa umejaa. Muntu wa kusema mpira ya muntu wa Kasai iko muzuri, siku ile, angelala wapi na batoto bake? Lakini sevisi, nani atauliza? Kila muntu anakosaka sevisi.”

Basi nikafumba macho. Nikarudi kwenye ile ngazi, nikatafuta. Nyuzi zinalia: ipo. Wavu unatikisika: ipo. Miguu ya vijana inaning'inia, fimbo, leso ya Ntumba, sauti ya Kazadi dirishani, arbitri haiko na rafiki: vyote vipo, wazi kama jana. Nikautafuta mpira ukiingia kwenye tundu. Nikatafuta tena. Haupo. Sijui kama ni woga ulioniambia umetoboa, au ni ile hamu ya kuonekana mkali kwa rafiki. Macho hayakuniambia kitu. Nikamwona Kazadi ananitazama, raketi inaning'inia, na uso ukaniwaka kwa aibu, mimi bibi wa wajukuu kumi na mmoja.

“Sikuone,” nikasema.

Mwalimu Banza akavua miwani, akaifuta kwa pindo la shati. “Njo ile neno,” akasema. “Tulikuwa bachezaji bane pale chini, Mamuzele. Bote bane tulikuwa tunaingoja.”